Tahadhari: Sungura mwenye pikipiki nje ya viwanja vya Sabasaba

Wazazi wenzangu mnaopeleka watoto kwenye maonesho ya Sabasaba, Dar es Salaam, someni hii kabla hamjatoka nyumbani. Nje ya uzio, upande wa Barabara ya Kilwa, kuna jamaa wanaopiga watoto picha na mdoli wa sungura juu ya pikipiki kubwa nyekundu. Picha ni chambo tu. Wanaitaka hela yako ya papo hapo, na wakishaipata wanaitaka na simu.

Wako watatu. Wa kwanza ndiye sungura mwenyewe, mtu aliyevaa vazi la mdoli: manyoya yalikuwa meupe zamani, sikio moja limelala, na haongei hata neno, kazi yake ni kucheza na kupungia watoto. Wa pili ana kamera shingoni na printa ndogo ndani ya begi. Wa tatu ndiye hatari zaidi maana humjui. Amesimama kama mpita njia, anasifia: "Mama, mtoto katoka bomba hapo!"

Dada yangu alikuwa anatoka na wanawe jioni, watu wamejaa wanagombea daladala. Sungura akamshika mkono yule mdogo, kufumba na kufumbua mtoto yuko juu ya tangi la pikipiki. Dada akauliza bei. "Buku tu, dada, mtoto wetu huyu." Flashi zikapiga mfululizo, printa ikaanza kutema. Hapo bei ikageuka. Buku ni ya picha moja, na zimeshatoka kumi na mbili. Kupanda pikipiki ni elfu tano. Sungura naye ana elfu tano yake. Jumla elfu ishirini na mbili, na picha nyingine mtoto kafumba macho.

Alipogoma, yule mpita njia akaingilia: "Dada, walipe vijana wa watu, wino unauzwa huo." Wakati wote huo mtoto hajashushwa, sungura kamkumbatia kiunoni. Mimi hela haijaniuma kama hili. Mtoto amewekwa rehani mchana kweupe, na mama akipandisha sauti anaonekana yeye ndiye mkorofi. Dada akalipa.

Na walivyomshusha, walimshushia upande wa ekzosi. Pikipiki ilikuwa imetoka kuzimwa, mtoto akaungua kigimbini, kidonda sawa na kizibo cha soda. (Likikukuta hili, maji baridi ya bomba yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20. Dawa ya meno yaachie meno.)

Awamu ya pili ilikuja usiku. Mpiga picha alikuwa ameomba namba, eti "nikurushie zile safi kwa WhatsApp." Namba ni namba, dada akampa. Saa tatu hivi akapigiwa, sauti ya upole kabisa: "Dada, picha zako ni nzito, mfumo umekutumia kodi ya tarakimu sita, nitajie nizifungue." Kodi, yaani namba ya siri ya uthibitisho, kweli ilikuwa imeingia kwenye meseji. Ile ni kodi ya WhatsApp yenyewe, ya kuhamishia akaunti kwenye simu nyingine, haina uhusiano wowote na picha. Akaitaja. Ndani ya muda mfupi akaunti ikawa mikononi mwao, na watu wa kikundi chake cha vikoba wakaanza kupokea ujumbe: "Mpenzi nimekwama hospitali, nitumie laki moja kwenye namba hii, weka na ya kutolea." Wawili wakatuma. Ni wale wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii," ila safari hii wamekuja na jina na sura ya mtu unayemfahamu, ndiyo maana inaingia kirahisi.

Sungura wa hadithi za bibi alikuwa anawaingiza mjini fisi na simba. Huyu anawaonea watoto wa chekechea.

Sasa sikilizeni. Kodi ikiingia kwenye simu yako haitajwi kwa mtu yeyote, awe mpiga picha, awe anayejiita huduma kwa wateja. Ingia WhatsApp leo, Mipangilio, Akaunti, uweke uthibitishaji wa hatua mbili, ili hata akiipata kodi akwame kwenye PIN. Angalia na vifaa vilivyounganishwa, usichokitambua kiondoe. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Meseji ya kitapeli ipeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli, usiifute kwanza.

Na picha za watoto je? Dada anaogopa zitaishia kwenye tangazo la mtu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na picha inayomtambulisha mtoto imo humo. Kwa hiyo anayeitumia bila ridhaa ya mzazi ana kesi ya kujibu. Shida ni kumpata.

Sisemi kila mwenye mdoli na kamera ni tapeli. Wapo vijana wanakula jasho lao, bei wameandika kwenye kibao, wanakuuliza mzazi kabla ya kumgusa mtoto, na ukisema hapana wanakuaga vizuri. Hawa wa pikipiki nyekundu hawana kibao, wanaanza na mtoto badala ya mzazi, na namba ya pikipiki wameifunika kwa kitambaa kana kwamba wanafuta vumbi. Ukiona kitambaa hicho, mbebe mwanao mgongoni upite.

Dada ameshafungua RB (taarifa ya tukio) kituo cha polisi Chang'ombe. Kama nawe ulipiga picha hapo, zikague vizuri nyuma ya mtoto. Ikionekana namba ya pikipiki, hata tarakimu mbili baada ya MC, ipeleke hapo kituoni.