Unga wa mlonge kwa wenye vidonda vya tumbo: ununue kama chakula

Unga wa majani ya mlonge umejaa kwenye maduka ya dawa za asili, na vibandiko vingi vinaahidi kumaliza vidonda vya tumbo. Kama chakula, tunaupa alama za juu. Kama tiba ya vidonda, hapana.

Tuanze na rangi. Unga mzuri ni wa kijani, laini, na unanukia majani makavu. Ukiwa wa kahawia au manjano, majani yalianikwa juani badala ya kivulini, au paketi angavu imekaa sana kwenye mwanga; virutubisho vimepungua. Ukinuka uvundo, majani yalisagwa kabla hayajakauka sawasawa na ukungu umeshaingia. Sugua kidogo kwa vidole: ukikuta nyuzi ngumu, umeuziwa vijiti.

Soma pia kilichochanganywa. Tangawizi, pilipili manga au ndimu huweza kuwasha tumbo lenye kidonda. Mchanganyiko wenye magome au mizizi ya mlonge tunaukataa kabisa, kwani sehemu hizo zina kemikali zinazodhuru, na kwa mjamzito ni hatari zaidi. Kapsuli ni safi kutumia, ila nyingi hubeba miligramu 400 au 500 tu, hivyo kijiko kimoja cha chai cha unga ni sawa na kapsuli nne au zaidi. Kwa bei, unga unashinda.

Anza na nusu kijiko cha chai kwa siku, kisha fikisha kimoja, yaani gramu 2 hadi 3. Koroga kwenye uji ukishaepuliwa; ukiuchemsha pamoja na uji, vitamini C inapotea. Usiunywe tumbo likiwa tupu, utasikia kichefuchefu. Ukizidisha, utaharisha.

Sasa vidonda. Majaribio kwa panya yameonyesha dondoo la majani likipunguza vidonda, lakini walipewa dondoo lililokolezwa, si kijiko cha unga kwenye uji. Vidonda vingi kwa binadamu husababishwa na bakteria Helicobacter pylori, ugunduzi uliowapa Barry Marshall na Robin Warren Tuzo ya Nobel mwaka 2005, au na dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen. Hakuna ushahidi kwamba unga huu unaondoa bakteria hao. Wengi hudanganyika kwa sababu maumivu ya vidonda hupanda na kushuka yenyewe: wiki mbili za nafuu, mtu anatangaza amepona, na kidonda bado kipo.

Pima kwanza kama una bakteria hao. Kwa kipimo cha kinyesi, omeprazole (dawa ya kupunguza asidi tumboni) isimamishwe wiki 2 kabla na antibiotiki wiki 4, la sivyo jibu linaweza kuja hasi kwa uongo. Muulize daktari kabla ya kuacha. Ukikutwa na bakteria, dozi ya kawaida ni omeprazole pamoja na antibiotiki mbili au zaidi, mara nyingi kwa siku 14, na haikatishwi kwa sababu maumivu yamepoa.

Anayetumia dawa za kisukari, presha au warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) aongee na daktari kabla ya kugusa mlonge, maana unaweza kushusha sukari na presha kupita kiasi, na vitamini K yake hupunguza nguvu ya warfarin. Kinyesi cheusi kama lami, kutapika damu, au maumivu makali ya ghafla: nenda hospitali saa hiyohiyo.