Laptopu ya mtumba: usinunue kabla ya kusoma namba hii

Mwezi wa Februari nilinunua laptopu ya ex-UK (iliyotumika Uingereza) mjini Kisumu, shilingi 27,000. Dukani iliwaka na Windows 11 safi kabisa. Nikalipa kwa M-Pesa, nikapanda matatu ya Kondele nimeikumbatia. Wiki ya tatu nikaangalia upande wa masasisho: kompyuta hii haijatimiza masharti ya Windows 11. Haijatimiza vipi, na ndiyo inayotumia?

Fundi alicheka tu. Ndani kulikuwa na prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ya Intel i5-7300U: hiyo 7 baada ya kistari ndiyo kizazi cha saba. Kwa upande wa Intel, Windows 11 hutaka kizazi cha nane kwenda juu, karibu bila msamaha, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Lakini Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na wauzaji walikuwa bado na stoo zimejaa mashine za zamani. Basi wanaandaa flashi inayoruka ukaguzi, wanaisukuma Windows 11 humo kwa nguvu. Inawaka, inafanya kazi, ila Microsoft haikuahidi masasisho yoyote.

RAM (kumbukumbu) na SSD (diski) muuzaji atakuimbia mwenyewe. Wewe bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, usome mstari wa Processor. i5-8350U ni ya nane. i5-7300U, rudisha mezani. Stika usiiangalie, stika hununuliwa. Hata jina la modeli halitoshi: HP EliteBook 840 G5 zilitoka za nane na za saba, kwa umbo lile lile.

Chaguo langu la kwanza ni Lenovo ThinkPad T480 yenye namba ya nane, na sijifichi, naipenda. Ina betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa nyuma. Stima ikipotea unabadilisha ya nyuma bila kuzima mashine. Kibodi yake imenizoesha vibaya, nyingine zote sasa naona kama naandika juu ya sahani. (Ikiwa ya Uingereza, @ haiko juu ya 2. Utazoea.)

Ya pili ni hiyo 840 G5, ukishasoma namba. Ya tatu, Dell Latitude 5490, kwa sharti hilo hilo.

Za bei ya chini, kizazi cha sita na saba? Chukua ikiwa utaweka Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows), na bei ishuke kweli.

Na hapo ndipo ninapokasirika, maana haishuki. Nilirudi dukani na yangu mkononi. Kijana akanigeuzia risiti, akanionyesha kwa kidole: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nyuma yake kwenye kabati la kioo kulikuwa na pacha wa yangu, imebandikwa karatasi “Windows 11 original”. Shilingi 29,000.