Fundi wa Viatu wa Kibuye na Magoti ya Wachezaji Wetu

Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu nimempelekea fundi mmoja wa viatu, anayekaa pembeni mwa soko la Kibuye hapa Kisumu, jozi 14 za viatu na mipira 6 ya timu ya wasichana ninayoifundisha mpira wa mikono, na ninaona sasa ninaweza kuitolea kazi yake maoni bila kukurupuka. Mimi mwenyewe niliucheza mchezo huu kwa miaka 11, kwanza shuleni na baadaye katika klabu, hadi goti la kushoto liliponisimamisha. Kwa hiyo ninapokigeuza kiatu na kuitazama soli yake, ninajua ninachokitafuta.

Anayerusha mpira kwa mkono wa kulia huruka kwa mguu wa kushoto. Kanuni zinampa hatua 3 tu na sekunde 3 za kuushika mpira, kwa hiyo hana nafasi ya kujipanga: anapokea, anakimbia, anakita mguu, anamkwepa mlinzi, anaruka kabla ya kuukanyaga mstari wa mita 6 ulio mbele ya goli na kutua mbele ya kipa. Kazi hiyo huirudia katika vipindi viwili vya dakika 30, na mazoezini huirudia mara nyingi zaidi. Vipange viatu vya timu yangu chali, utaona kwamba kiatu cha kushoto kimelika chini ya kidole gumba hadi kitambaa kinaonekana, ilhali cha kulia bado kina mistari yake yote.

Viatu hivyo vingi tunavipata katika mitumba ya Kibuye, hasa Jumapili asubuhi. Vimetengenezwa kwa ajili ya sakafu za ndani za mbao au plastiki, vina soli bapa ya raba laini, na mguu hukaa karibu na ardhi. Uwanja wetu ni wa saruji, nayo saruji huila raba hiyo katika muhula mmoja. Wazazi wengine huwanunulia mabinti zao viatu vya kukimbilia barabarani kwa kuwa havina gharama kubwa na vinapatikana kila mahali, lakini kisigino chake kirefu na laini huufanya mguu ulale upande mchezaji anapokata kona, na kifundo huteguka. Niliwahi pia kununua jozi 4 mpya katika duka moja mjini nikiambiwa ni za mchezo huu. Soli zilibanduka katika wiki ya tatu, na muuzaji akakataa kuzirudisha. Hizo ndizo nilizompelekea fundi mara ya kwanza.

Jaribio lake la kwanza halikufaa. Aliweka raba ngumu ya tairi, ambayo hudumu sana kwenye ndala na makubadhi, lakini juu ya saruji yenye vumbi wasichana waliteleza kama waliokanyaga maji. Mara ya pili akaweka raba mpya laini mno. Ilishika vizuri kupita kiasi: winga wetu alikita mguu ili ageuke, kiatu kikaganda pale pale, mwili ukaendelea na safari yake. Goti lilivumilia siku hiyo, namshukuru Mungu, lakini nilivivua viatu vyote vya aina hiyo kabla mazoezi hayajaisha.

Nilirudi kwake nikiwa nimekasirika, naye akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, unataka kisimame au kigeuke?" Nilimjibu kwamba ninayataka yote mawili, nikachuchumaa na kumwonyesha kwa kiatu changu jinsi sehemu ya mbele inavyopaswa kuzunguka kidogo wakati kisigino kimeinuka. Tangu siku hiyo hukata raba kutoka soli za viatu vya ndani vilivyochakaa sehemu ya juu, ambavyo wauza mitumba humwachia kwa bei ndogo, na huiweka raba hiyo sehemu ya mbele peke yake. Huikwangua kwa msasa pande zote mbili hadi iwe ya kijivu, hupaka gundi, huiacha ikauke mpaka kidole kikigusa kisitoke na uzi wa gundi, ndipo hugandamiza na kushona ukingoni kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta. Mshono hauko juu ya soli bali ndani ya mfereji anaouchimba kwa kisu, ili saruji isiukate. Katika jozi 9 alizozitengeneza kwa njia hii, ni moja tu iliyofunguka, na hiyo mchezaji mwenye viatu aliianika juani mchana kutwa, jambo ambalo joto la Kisumu haliisamehei gundi yoyote.

Ninaeleza haya kwa urefu kwa sababu ya kano ya katikati ya goti, ile ambayo madaktari huiita ACL. Katika mchezo huu wanawake huichana mara nyingi kuliko wanaume, na mara nyingi hakuna aliyemgusa mchezaji; ni mguu uliokitwa na mwili uliogeuka. Cristina Neagu wa Romania, aliyechaguliwa mchezaji bora wa dunia mara 4, yaani mwaka 2010, 2015, 2016 na 2018, aliichana kano hiyo mnamo Desemba 2018 katika mashindano ya Ulaya yaliyofanyika Ufaransa. Alirudi uwanjani, akaendelea kufunga, na mabao yake katika Ligi ya Mabingwa ya Ulaya yamepita 1,000. Mchezaji wa klabu kubwa ya huko akiumia ana daktari wa upasuaji na miezi ya mazoezi ya viungo akiwa bado katika mkataba. Msichana wa kidato cha tatu wa hapa kwetu, ambaye tumaini lake ni kuonekana katika michezo ya shule za sekondari ya muhula wa kwanza na siku moja kuvaa jezi ya klabu kama Nairobi Water, hana lolote kati ya hayo. Akiichana kano hiyo akiwa na miaka 17, kwa kawaida habari yake ya mchezo huishia hapo. Soli ya shilingi 350 haiwezi kumkinga kabisa, wala sitaki mtu adhani hivyo. Mazoezi ya kutua kwa magoti yaliyokunjwa yanafaa zaidi. Lakini sitamwambia mtoto atue vizuri huku amevaa kiatu kinachomnasa.

Kwa upande wa mipira sina sifa nyingi kama hizo. Mpira wa wanawake unapaswa kuwa na mzingo wa sentimita 54 hadi 56 na uzito wa gramu 325 hadi 375. Fundi hufungua mshono karibu na tundu la pampu, hubadilisha mfuko wa ndani na kufunga tena kwa shilingi 200, na kwa macho kazi inapendeza. Niliupima mmoja katika mizani ya duka la jirani, nikapata gramu 390, kwa kuwa mfuko alioutumia ulikuwa mzito. Kwa mazoezi tunautumia; kwa mechi, hapana, hasa kwa wasichana wenye mabega machanga.

Hana stakabadhi, na shule zinahitaji stakabadhi, kwa hiyo nenda na kitabu chako ili atie sahihi. Usimpelekee kazi Jumapili wateja wanapofurika, kwani siku hiyo aliwahi kunibadilishia kiatu kimoja na cha mtu mwingine, nikakipata Jumatano. Mpe siku 3 kwa kila jozi, peleka viatu vikiwa vimeoshwa na kukauka, na ukivichukua muombe maji kidogo, ulowanishe soli, uvae, ujaribu kugeuka juu ya saruji iliyo mbele ya kibanda chake. Yeye mwenyewe sasa huwataka wachezaji wangu wafanye hivyo kabla hajapokea pesa.