Kitufe cha kuweka vyanzo Wikipedia, uzoefu wangu toka Kigoma

Mi naandikaga Wikipedia ya Kiswahili kwa simu tu nikiwa hapa Mwanga, na kilichonivuta ni Ziwa Tanganyika maana makala zake nyingi bado fupi mno. Kuna siku niliandika kwamba dagaa wanapungua, kitu ambacho ukishuka mwaloni Kibirizi asubuhi kila mvuvi atakwambia, akaja mhariri mmoja akafuta, kisa hakuna chanzo. Iliniuma kwakweli. Baadae nikaelewa, maneno ya mwaloni mtu wa Mtwara atayahakiki wapi?

Ndo nikaanza kutumia kile kitufe chenye alama za nukuu. Zamani nilikuwa naandika kigezo, yale maandishi ya kwenye mabano yanayopanga rejeo, kwa mkono, ukisahau bano moja tu rejeo lote linavurugika. Sasa nakopi DOI, ile namba inayoanza na 10 kwenye makala za majarida, napesti, basi. Niliweka 10.1038/nature01833, utafiti uliotoka jarida la Nature Agosti 2003 kuhusu ziwa letu hili hili, zikarudi sekunde chache tu: waandishi wote, juzuu 424, kurasa 766 hadi 768. Nilifurahi jamani! Utafiti wenyewe unasema joto likizidi maji ya juu hayachanganyiki vizuri na ya chini, virutubisho vinabaki kilindini, uzalishaji wa mwani, vile vimea vidogo vya majini, ukashuka kama asilimia 20 na samaki huenda asilimia 30. Nikarudisha sentensi yangu na mpaka leo ipo.

Vitabu unaweka ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, nyingi zinakubali. Kwenye magazeti ndo uwe macho, kuna habari niliweka linki yake sehemu ya mwandishi ikajaa neno "Admin" wakati jina la mwandishi liko pale chini ya kichwa cha habari, ikabidi nifute niandike mwenyewe. Ripoti za PDF zilizoskaniwa ndo kabisa, unajaza kwa mkono kila kisanduku.

Naomba sana tusome chanzo kabla ya kukiweka, hata muhtasari tu. Rejeo limepangwa vizuri, jarida kubwa, halafu ndani hakuna kinachosemwa kwenye sentensi yako, hiyo inaniudhi kuliko makala isiyo na chanzo kabisa, maana msomaji anaamini.

Kwa sasa nipo kwenye makala ya migebuka, nina DOI nne nazisoma moja moja.