Yae Miko wa Genshin Impact: mbweha wa kupanda na kuondoka

Kwa anayecheza gemu la Genshin Impact kwa simu, Yae Miko anafaa kuliko wahusika wengi wa umeme, kwa sababu kazi yake kubwa inafanyika akiwa ameshatoka uwanjani. Unapanda nguzo 3 za radi, unambadilisha na mwenzake wa kikosi, radi zinaendelea kupiga.

Ndani ya gemu yeye ndiye kuhani mkuu wa hekalu la Narukami, wa ukoo wa mbweha wa Inazuma, nchi ya visiwa ndani ya gemu. Mtu wa pwani aliyekulia kwenye habari za jini na pepo hahitaji kuelezwa sana kuhusu kiumbe anayevaa sura ya binadamu mzuri. Jina la nguzo zake, Sesshou Sakura, linatokana na sesshoseki, jiwe la mauti lililoko Nasu, Japani, linalosemwa kuwa na roho ya Tamamo-no-Mae, mbweha wa mikia 9. Yae alitolewa Februari 2022. Mwezi uliofuata jiwe lenyewe likakutwa limepasuka.

Kupanda ndiko kunakowashinda wengi. Skili, yaani uwezo wake wa kupanda nguzo, ina chaji 3 (nafasi 3 za kupanda), kila moja inarudi baada ya sekunde 4, na nguzo hudumu sekunde 14. Zikiwa karibu hupandishana daraja, lakini zikikanyagana moja inavunjika. Kila ukibofya, Yae huruka upande unaoelekeza na kuacha nguzo pale alipokuwa. Kwa hiyo ukienda kulia kisha ukarudi kushoto, ya tatu inaangukia ya kwanza. Ukutani ni vibaya zaidi, maana hasogei. Chora pembetatu: kulia, mbele, halafu kushoto. Adui anayehamahama ataziacha nyuma, na hapo hakuna dawa ila kuzipanda upya.

Pigo kuu linakula nishati 90 na hupoa kwa sekunde 22. Linavunja nguzo zote, kila moja inageuka radi ya ziada na chaji yake inarudi hapo hapo. Mpangilio basi ni huu: panda 3, piga, panda 3 tena, toka. Anayepiga kabla ya kupanda anatupa sehemu kubwa ya nguvu. Nishati hiyo 90 ni mzigo. Bila mhusika mwenzake wa umeme kama Raiden Shogun au Fischl kikosini, utakaa ukisubiri.

Atifakti (vifaa vya kuvaa vya kuongeza nguvu): seti ya Golden Troupe vipande 4, maana inaongeza nguvu ya skili, na zaidi mwenyewe akiwa nje ya uwanja. Ukiwa na Nahida, mhusika wa mimea, tafuta pia Elemental Mastery, pointi za kukuza nguvu ya elementi zikikutana: kila pointi 1 huongeza asilimia 0.15 kwa nguzo, yaani pointi 200 ni asilimia 30. Silaha ya nyota 4 inayotosha ni The Widsith. Mapigo ya kawaida ya Yae hayana maana, usiyapandishe daraja.

Sasa simu. Joto la kaskazi Lamu, mchana, kava imevaliwa na chaja imechomekwa: baada ya muda simu inapunguza kasi yenyewe, unabofya mara 3 zinatoka nguzo 2. Toa kava, chomoa chaja, weka fremu 30 kwa sekunde, shusha vivuli. Gemu linataka zaidi ya GB 20, kwa hiyo lipakue kwa waifai, usilimalizie bando.

Kumpata ni bahati nasibu, na hapa wazazi wasikilize. Mvuto mmoja, yaani jaribio moja la bahati, ni Primogem 160, sarafu ya ndani ya gemu. Mhusika wa nyota 5, daraja la Yae, anahakikishwa ifikapo mvuto wa 90, lakini huenda akaja mwingine badala yake. Ukiwa na mkosi kabisa utafika mivuto 180, sawa na Primogem 28,800. Zikusanye kwa kucheza, usiguse M-Pesa. Wakati unasubiri, zunguka fukwe za Inazuma ukaokote Sea Ganoderma, zao la kumpandishia Yae daraja: anahitaji 168 hadi mwisho, na zilizookotwa huchukua siku 2 kuota tena.