Siku mbili na mwongozaji wa picha Mto Li: mlima umenilipa, boti hapana

Nianze na hela, maana ndiyo mnayouliza kwanza. Yuan 900 kwa siku mbili, mtu mmoja, gari na dereva humo humo, chakula juu yangu. Kiingilio cha mlimani kimo, boti imo. Mzee mvuvi mwenye minandi, wale ndege wa kuvulia samaki, hayumo, na hilo nilikuja kuambiwa nikiwa nimeshasimama ukingoni mwa mto na kamera shingoni. Nitalirudia.

Mto Li uko mkoa wa Guangxi, kusini mwa China. Watu wanaufuata kuanzia Guilin mpaka Yangshuo, kama kilomita 83, lakini kwa mpiga picha utamu wenyewe uko katikati, Yangdi hadi Xingping. Ukiwa umewahi kushika noti ya yuan 20 basi mandhari hiyo unayo mfukoni, ni hapo hapo karibu na Xingping. Utakuta watu wamejipanga, kila mmoja kanyoosha noti yake mbele ya vilima anaipiga picha. Na mimi nilinyoosha yangu, msinicheke.

Nilitokea Guangzhou, ambako nafanya shughuli za mizigo, kwa treni ya kasi. Angalieni: stesheni inaitwa Yangshuo lakini iko Xingping, na kutoka hapo mpaka mji wa Yangshuo ni safari nyingine ya gari.

Vilima vya kule ni mawe ya chokaa. Mvua inayayeyusha polepole kwa mamilioni ya miaka, na kilichobaki kimesimama kimoja kimoja kama vichuguu, ila vichuguu vya urefu wa ghorofa na vimeota miti mpaka kileleni. Mimi mtu wa Tanga, Mapango ya Amboni nimeingia tangu shule ya msingi. Mawe ni hayo hayo ya chokaa na fundi ni yule yule, maji. Tofauti ni kwamba Amboni unaingia tumboni mwa mlima kuona kazi yake, na huku imeanikwa nje.

Usiku wa kwanza yule dada mwongozaji alikuja hotelini, akaomba kuona begi langu. Nilibeba lenzi pana, 16-35, nikijua mandhari ni lenzi pana. Akaichukua, akaiweka kitandani, akanionyesha 70-200, lenzi ndefu ya kuvuta vya mbali, niliyokaribia kuiacha nyumbani. Hakusema neno, Kiingereza chake na changu vyote vya kuungaunga. Dereva akanigongea saa kumi alfajiri.

Tulikwenda Xianggong, kilima cha kutazamia macheo. Ni ngazi tupu kutoka maegesho, kwa pumzi zangu dakika 25, na juu nilikuta watu wameshasimika tripodi zao gizani. Hapo nikalipia ukaidi wangu. Niliambiwa begi likae buti, lisikae na mimi mbele kwenye kiyoyozi. Sikusikia. Nilipotoa kamera kwenye ule unyevu wa mwisho wa Aprili kioo kikafunga ukungu, nikafuta na fulana, kikafunga tena, na mashariki huku kunapambazuka.

Kioo kilipokaa sawa nikaelewa habari ya ile lenzi ndefu. Kwa lenzi pana vilima vinasinyaa, vinakuwa vidogo kama pilipili kwenye sinia. Kwa 200 vinavutana, kimoja mgongoni mwa kingine, cha mbele cheusi, kinachofuata kijivu, cha nyuma kabisa unakihisi tu, na mto umejipinda chini yao kama mkufu uliodondoshwa. Picha zangu za kwanza ukungu ulitoka rangi ya majivu, kwa sababu kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Dada akanyoosha mkono, akazungusha kile kigurudumu cha kuongeza mwanga mpaka +1, akarudi kunywa chai yake. Ukungu ukawa ukungu. Kwa somo hilo peke yake naona nusu ya hela yangu imerudi.

Boti sasa. Kwenye karatasi imeandikwa ya mianzi. Ni mabomba ya plastiki yaliyokunjwa mbele yafanane na mianzi, injini nyuma, paa juu. Injini inatetemesha kila kitu, nikalazimika kupandisha kasi ya shata mpaka 1/500 ya sekunde, na nguzo za paa zinaingia kwenye kila picha. Ukimwambia nahodha asimame hasimami. Kama mtalii wa kawaida ningefurahi sana, upepo mzuri, vilima vinapita. Kama mpiga picha nilirudi na picha tatu.

Ukitaka mianzi ya kweli nenda Mto Yulong, tawi linalomwaga maji Li. Kule wanapiga pondo, hakuna injini, na maji yametulia kiasi kwamba kilima unakiona mara mbili. Mkiwa na filta ya CPL, ile ya kuzungusha, msiikaze mpaka mwisho. Inakata mng'ao vizuri mpaka unaona majani chini ya maji, lakini inaondoka na kivuli cha kilima kwenye maji pia, na kivuli ndicho kilichokupeleka.

Jioni ndiyo ya yule mzee. Mnandi ni ndege mweusi mpiga mbizi, na wavuvi wa kule walizoea kumfunga kamba shingoni asimeze samaki mkubwa. Mzee alikuwa na minandi wake wawili juu ya chelezo, na taa inayowaka njano, nikakumbuka karabai za wavua dagaa wa kwetu. Anatupa wavu ukimwambia tupa. Kabla ya yote akataka yuan 150, na dada akasema hiyo ni ya kwake, haihusiani na kampuni. Sina neno na mzee, nimemtumia saa nzima. Neno langu ni kwa waliouza safari: hilo liandikwe kwenye bei, mtu ajue akiwa kwao. Nilimuuliza kupitia dada kama bado anavua. Akacheka, akanyooshea kidole kamera yangu.

Nawapa nyota nne. Nikirudi nitaomba boti waitoe kwenye bei, waniwekee asubuhi ya pili kule kule Xianggong, maana asubuhi moja ikinyesha ndiyo imekwenda hiyo.