Chromebook na kazi ya PDF: uzoefu wangu kama katibu wa kikundi, Kigoma

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wanaokamua mawese hapa Mwandiga, na sehemu kubwa ya ukatibu siku hizi ni kutengeneza PDF. Katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, andiko la mradi, orodha ya wanachama. Tulipoanza kufuatilia ule mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani (4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu), kila niliyempelekea nyaraka aliniuliza swali lile lile: "Katibu, PDF yake iko wapi?"

Nilinunua Chromebook iliyotumika, yaani kompyuta mpakato inayotumia mfumo wa Google uitwao ChromeOS, bei haikufika laki tatu. Wengi waliniambia nimepoteza hela kwa sababu haiingizi programu za Windows. Ni kweli, haiingizi. Mashine hizi, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2011, karibu kila kitu zinakifanya ndani ya kivinjari cha Chrome, na nyaraka zako zinakaa Google Drive, hifadhi ya mtandaoni ya Google. Lakini kwa kazi hii ya PDF imenitosha, na bado naikubali.

Kwa barua, katiba na mihtasari natumia Google Docs. Waraka ukiwa wazi, naingia Faili, nashuka hadi Pakua, nachagua PDF. Sekunde chache faili liko kwenye vipakuliwa, ukilibofya linafunguka hapo hapo. Hakuna programu ya kununua, hakuna maandishi ya tangazo yaliyogongwa katikati ya ukurasa. Herufi zinafungwa ndani ya faili lenyewe, kwa hiyo mwenyekiti akilifungua kwenye simu yake anaona kile kile nilichokiona mimi. Ukimtumia faili la Word, jedwali linaweza kumfikia limevurugika na namba za vifungu zimehama.

Kitu kimoja lazima ukikague kabla ya kupakua, nacho ni ukubwa wa karatasi. Ingia kwenye mipangilio ya ukurasa uhakikishe imeandikwa A4. Waraka mwingine unakuja na karatasi ya Kimarekani, Letter, yenye milimita 216 kwa 279, wakati A4 ni 210 kwa 297. Kwa barua ya kawaida huenda usione tofauti. Kwenye orodha ya mahudhurio utaiona. Tuliwahi kuandaliwa muhtasari na steshenari moja pale Mwanga, karatasi ikiwa Letter: mistari mingine yote ya saini ilikaa ukurasa wa kwanza, mstari wa mweka hazina ukaangukia ukurasa wa pili peke yake, jina lake na kisanduku cha saini vikielea juu ya karatasi tupu. Tukaambiwa turudie, maana saini iliyojitenga na muhuri inatiliwa shaka. Kwenye A4 orodha ile ile inakaa ukurasa mmoja na nafasi ya muhuri inabaki.

Hesabu za hisa ziko Google Sheets, na huko kuna kazi kidogo zaidi. Ukipakua bila kupanga, safu za kulia zinakatwa na kupelekwa ukurasa mwingine, unapata majina huku na michango kule. Chagua karatasi ilale, kisha uiambie itoshe upana wa ukurasa. Ukifanya hivyo inatoka safi.

Kurasa za mtandaoni, kama tangazo la serikali ninalotaka kulihifadhi, nabonyeza Ctrl na P, mahali pa printa nachagua kuhifadhi kama PDF. Kwenye mipangilio zaidi naacha vijajuu na vijachini viwepo, kwa sababu vinaandika tarehe na anwani ya ukurasa. Mtu akiuliza tangazo nimelitoa wapi, jibu liko pale pale. Uzuri mwingine ni kwamba kazi hiyo inafanywa na kivinjari chenyewe. Ukurasa ukishafunguka wote, hata bando likikata unauhifadhi. Upakuaji wa Docs ni tofauti: PDF inatengenezwa kwenye seva za Google, kwa hiyo mtandao lazima uwepo. Kuandika bila mtandao kunawezekana ukiwasha mapema huduma ya nje ya mtandao, ila PDF yenyewe naisubirisha hadi mtandao utulie. Kwa tunaoishi sehemu ambayo umeme ukikatika mtandao nao unayumba, hili si jambo dogo. Siku ya mwisho ya kuwasilisha, mimi PDF zangu nazitoa asubuhi.

Nyaraka zilizokwisha kusainiwa na kugongwa muhuri wa mtendaji nazipiga kwa simu, kupitia programu ya Drive yenye sehemu ya kuskani. Inanyoosha kingo, inaunganisha kurasa zote kuwa PDF moja, na nikifungua Chromebook nazikuta zimeshafika. Kamera ya mashine yenyewe nayo ina skana, lakini inakutazama usoni. Kuishikia karatasi iliyosainiwa na watu wengi ni usumbufu.

Sasa upungufu. Mashine haikuja na njia ya kuunganisha PDF mbili zilizokwisha tengenezwa. Ukitafuta, unaletewa tovuti za bure zinazokuambia upandishe mafaili yako wakuunganishie. Hapo ndipo ninapokataa kabisa. Orodha ya wanachama wetu ina majina kamili, namba za NIDA (za kitambulisho cha taifa) na namba za simu za wanawake walioniamini niwatunzie. Sijui hiyo seva iko nchi gani wala faili linakaa huko muda gani. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini hata isingekuwepo, namba ya NIDA ya bibi wa watu siitupi kwenye tovuti nisiyoijua ili kuokoa dakika tano. Ninachofanya ni kuunganisha mapema: andiko, katiba na viambatisho nakusanya kwenye waraka mmoja wa Docs, kila kimoja kikianza ukurasa wake, halafu natoa PDF moja. Zenye saini naziskani kwa mkupuo mmoja. Nawaomba makatibu wenzangu wafanye hivyo, na ukimpelekea mtu wa steshenari fleshi, muulize anatumia tovuti gani kabla hajapandisha chochote.

Kwa anayetaka kununua iliyotumika: kabla ya kutoa hela, washa mashine, ingia Mipangilio, fungua sehemu ya kuhusu ChromeOS, kisha maelezo zaidi, uone masasisho yanaisha lini. Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba zilizotoka kuanzia 2021 zitapata masasisho kwa miaka 10, lakini nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupa ni za zamani kuliko hapo na muda wake umekwisha au unakaribia. Muuzaji akikuzuia kufungua ukurasa huo, mrudishie mashine yake.